Huku Kila Uvimbe ni Korosho

Mimi ni mke mkubwa na nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za watu wema. Mume wangu ana nyumba mbili. Yangu iko Mtua, upande wa Nachingwea. Ya mwenzangu iko Matambarale, upande wa Ruangwa. Analima korosho na ufuta pande zote mbili, na alipotaka kuoa mke wa pili aliniambia ni kwa ajili ya shamba, kwamba shamba la mbali halilindiki bila mtu wa kukaa huko. Nikamwambia hata mbwa analinda shamba. Akaoa hivyo hivyo, na mpaka sasa shamba limeshamzalia watoto wawili.

Zamu zetu ni za wiki. Ijumaa akishaswali anapanda pikipiki anavuka kwenda upande wa pili, na Ijumaa inayofuata anarudi. Dini imetaka mume agawe sawa, na katika kugawa siku sina la kumlaumu. Ila siku na siku hazilingani uzito. Akitoka kwangu anaondoka watu bado wanavaa viatu mlangoni pa msikiti. Akitoka kwa mwenzangu ananifikia jua linazama, anasema alipitia kuiangalia mikorosho. Mikorosho haina miguu. Kwa nini iangaliwe kila Ijumaa ya kuja kwangu tu, hajawahi kunieleza.

Mwenzangu ni mdogo kwangu kwa umri wa kunishikia mtoto. Ana mwanya wa juu, na anajua kwamba anao, maana hacheki kwa mdomo uliofumba hata msibani. Ana shingo. Kabla hajaolewa, mume wangu alikaa barazani kwangu na rafiki yake, mimi niko ndani napepeta mchele, nikamsikia akisema, "Yule ana pingili tatu za shingo, ukimwona utasema zimechorwa." Mchele wote ulimwagika na sikuuokota mpaka kuku wakaingia.

Tangu siku ile, kila tunapokutana harusini, msibani au kwenye ngoma za kuwatoa wanawali, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye zile pingili. Natazama kama zimefifia. Namtazama kidevu kama kimeongezeka, mashavu kama yameanguka, ngozi kama uzazi umeiharibu. Watu huniona nimetulia kwenye mkeka wanadhani namsikiliza mwenye hotuba. Nimemsoma mwanamke yule kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni, na kila mara narudi nyumbani sina nilichopata. Uso wake ulikuwa haupungui.

Basi, ilikuwa Ijumaa ya zamu yangu, katikati ya msimu wa korosho. Nilichinja kuku, nikapika wali wa nazi, nikafukiza udi mpaka jirani akaniuliza kama kuna mgeni. Magharibi ikapita. Isha ikapita. Nikapiga simu.

"Mama watoto," akasema, "nisamehe, leo siji. Mwenzako anaumwa jino."

"Jino?"

"Jino. Limemshika vibaya."

"Na wewe ndiye fundi wa kuling'oa?"

Akacheka kile kicheko chake cha kunyamazisha watu, akasema kesho. Nikakaa mbele ya yule kuku nikala paja, nikala na la pili. Mimi nami niliwahi kuumwa jino, gego la chini, nikazunguka chumba usiku kucha nimeshika shavu. Aliniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Ilikuwa Ijumaa, na alipokwisha kuniambia hivyo akapanda pikipiki yake akaenda Matambarale.

Kesho yake hakuja. Alimtuma mtu wa bodaboda aniletee doti ya khanga. Khanga nzuri, sikatai, nyekundu nzito isiyochuja, lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Nikaitupa juu ya kabati. Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa maana mume wangu akiwa na jambo la aibu hapigi, anarekodi.

Alieleza kirefu. Jino la mwenzangu lilikuwa na tundu, lilimtesa, mama yake mzazi akashauri liwekwe mafuta ya ganda la korosho. Wakaweka. Maumivu yakakatika kabisa, alhamdulillahi. Ila yale mafuta yamembabua, amevimba kidogo, na uvimbe ukishashuka yeye atakuja mara moja. Nyuma ya sauti yake nikamsikia mwenzangu akisema, "Nisalimie dada." Lakini aliyasema kwa sauti nzito, ya mbali, kama mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto mdomoni ambaye hataki kukitema wala kukimeza.

Niliurudia ujumbe ule naosha vyombo. Niliurudia nachambua mboga. Nikajiambia, huyo anadeka. Ndiyo sauti anayomsemea mume wangu wakiwa wawili, na leo kwa bahati mbaya imeingia kwenye simu. Nilipofika mara ya sijui ngapi nilikuwa naweza kuiigiza, na niliiigiza mbele ya jirani yangu, tukacheka mpaka akashika ukuta.

Habari yenyewe ya korosho haikunishangaza hata kidogo. Nani wa kwetu asiyejua korosho? Ganda lake lina mafuta meusi, na yakikugusa yanakuunguza. Msimu ukifika tunabangua nyumbani, tunachoma kwenye bati kuukuu juu ya moto, moshi unaruka, mafuta yanaruka, na kila mji unakuwa na mtu wake aliyevimba midomo au aliyefumba jicho moja. Tunasema korosho imemlamba. Hapelekwi hospitali, anapakwa mafuta ya nazi, anachekwa, na uvimbe unashuka wenyewe. Na wazee wetu wana dawa yao: jino likiwa na tundu, unachovya pamba kwenye yale mafuta, unaisokomeza humo, unaua mdudu. Wengine inawatuliza. Wengine wanababuka ulimi, nao wanachekwa.

Kwa hiyo sikwenda Matambarale kumtazama mgonjwa. Nilikwenda kumchukua mume wangu. Jumapili asubuhi nilimwita jirani mwenye bodaboda, mtu mzima mwenye wajukuu, nikavaa baibui langu jipya, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Ningemsalimia mama yake mwenzangu vizuri. Ningempa mwenzangu pole. Kisha ningesema kwa sauti ya chini kwamba dini haikuweka zamu ya meno. Maneno yale nilikuwa nayapenda sana, nikawa nayajaribu ndani ya kitambaa nilichojifunga mdomo kuzuia vumbi.

Nilimkuta mama yake mwenzangu barazani, amekaa mbele ya rundo la korosho, vidole vyeusi. Ni bibi wa Kimwera, Kiswahili anakisema kwa kukipima.

"Karibu, mwanangu. Mwenzio korosho imemlamba," akasema. "Sisi hii tunaijua. Itashuka."

Nikaingia ndani na pole yangu ikiwa tayari mdomoni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mume wangu amepiga magoti mbele ya kitanda, bakuli la uji mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, anamlisha. Nimemzalia watoto watano mwanamume yule. Nimeumwa malaria ya kutetemesha kitanda. Uji wangu nilikuwa nauchukua mwenyewe jikoni. Nilisimama pale mlangoni, damu ikapanda mpaka masikioni, na lile neno la zamu ya meno likapotea, sikulikumbuka tena.

"Hata uji hanywi," mume wangu akaniambia, kama vile nimekuja kumpokea kijiko.

Ndipo nikamtazama mwenzangu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono imeshika magoti, shingo ameinyoosha kama kuku anayetaka kunywa maji. Khanga kifuani imelowa. Nilidhani ni uji, lakini yalikuwa mate. Yalikuwa yanamtoka yenyewe, naye anayafuta kwa upindo, yanatoka tena. Alijaribu kuniamkia. Ilitoka ile sauti ya kwenye simu, na safari hii nikaona kwamba midomo haisogei vizuri na macho yanamtoka. Hakuwa anadeka. Mtu anayedeka hutazama kama umemwona, na yeye alikuwa hatazami mtu.

Macho yangu yakaenda palepale yanapokwendaga siku zote, shingoni. Pingili hazikuwepo.

Nakiri kwamba nilianza kwa kufurahi. Muda mfupi tu, lakini nilifurahi. Kisha nikasogea, kwa sababu mtu akishazoea kutafuta kasoro hawezi kuiona kasoro akaiacha bila kuikagua. Chini ya kidevu pote, kushoto na kulia, palikuwa pamejaa, ngozi imevutika, inang'aa. Kidevu chake kile chembamba kilikuwa kimemezwa. Na ngozi yenyewe ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonisimamisha. Korosho ikimlamba mtu inamwachia alama: ngozi inakuwa nyeusi, inatoa malengelenge, inabanduka, inawasha mpaka mtu anajikuna mbele ya wakwe. Nilibabuka mimi nilipokuwa msichana, nalijua joto lake na naujua mwasho wake. Mwenzangu hakuwa na weusi wala lengelenge, na alikuwa hajikuni.

Nikamgusa. Sikuwahi kumgusa kabla, zaidi ya mkono wa salamu. Palikuwa na moto, na palikuwa pagumu kama ubao. Uvimbe wa korosho ukiubonyeza unabonyea. Huu ulinirudishia kidole. Nikamwambia afungue mdomo. Alijitahidi machozi yakamtoka, na mwanya ule anaouonyesha hata msibani sikuuona, maana meno yaliachana kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu, cha pembeni. Kwa ndani niliuona ulimi. Ulikuwa umesukumwa juu, umekaa karibu na kaakaa, kama kuna kitu kimeingia chini yake kikaunyanyua.

"Tangu lini hamezi mate?" nikauliza.

"Tangu alfajiri," mume wangu akasema. "Lakini jino lenyewe limeshapona. Haliumi kabisa."

"Usiku alilala?"

"Hataki kulala. Nikimlaza anarukaruka, anasema anakosa hewa. Nadhani ni joto."

Bibi naye alikuwa ameingia, anafuta vidole kwenye khanga. Akarudia kwamba itashuka. Wamebabuka watu wangapi Matambarale, na yupi aliyekufa? Akataka tumpake mafuta ya nazi, tumlaze, tusubiri mpaka Jumatatu. Isiposhuka Jumatatu, basi. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia. Ana desturi hiyo, niseme haki yake: jambo zito hanivuki.

"Bi mkubwa," akasema, "unasemaje?"

Sikiliza sasa. Watu watatu walikuwa wananitazama, na wawili kati yao walikuwa wanangoja neno moja, neno ambalo kila mtu wa kwetu hulisema bila kufikiri. Itashuka. Ningelisema, nisingekuwa nimesema uongo wowote ambao mtu angeweza kunishika nao. Ningepaka mafuta ya nazi kwa mikono yangu. Ningekaa usiku kucha kama mke mkubwa mwema. Na kama lingetokea la kutokea, wangesema ni siku zake zimefika, na Ijumaa zote zingekuwa zangu, na pikipiki isingekuwa na pa kwenda. Wazo hilo halikupiga hodi. Liliingia likakaa, na lilikuwa tamu, na nilimtazama mume wangu na kile kijiko chake nikaliona tamu zaidi.

Lakini macho yangu yalirudi kwa mwenzangu. Nilimwona akivuta pumzi. Pale chini ya koo, kwenye kishimo, ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta, na alikuwa anavuta kama mtu anayefyonza maji kwa mrija ulioziba. Nikafikiri kwa akili ya kawaida tu, maana udaktari sijasomea. Mtu asiyeweza kumeza mate yake mwenyewe, njia imeziba. Na hewa nayo haina mlango wa uani; inapita hapohapo. Yeye alikuwa ananitazama sasa, na alijua. Mke mwenza hamwangalii mwenzake kwa mapenzi, lakini anamwangalia, na alijua kwamba katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyemwona.

"Korosho gani!" nikapiga kelele. Nilipiga kelele kweli, kwa hasira, na hasira ile ilikuwa yangu yote, ya kuku na ya khanga na ya uji. "Umelala naye wiki nzima hukumwona shingo? Si ndiyo uliyoisifia? Huyu ana usaha kooni! Washa pikipiki!"

"Jumapili leo," mume wangu akasema. "Meno hospitali ni Jumatatu."

"Meno ni Jumatatu. Kukosa pumzi kuna siku yake?"

Bibi alisema tumlaze kwanza apumzike. Nikamwambia, kwa adabu iliyobaki, "Mama, tukimlaza huyu hatuamki naye." Nafikiri ni sauti yangu iliyomfanya atupishe njia, kwa kuwa maneno yenyewe sikuwa na ushahidi nayo.

Jirani yangu wa bodaboda alikuwa ameshageuza kurudi Nachingwea. Ikabaki pikipiki ya mume wangu, tukapanda mshikaki: yeye mbele, mwenzangu katikati, mimi nyuma. Kwa kuwa hewa alikuwa anaipata akiinama mbele tu, ilibidi ajilaze juu ya mgongo wa mume wangu, shavu likiwa begani, na mimi nimzungushie mikono asianguke, mpaka nishike shati la mume wangu kwa mbele. Hivyo ndivyo tulivyoingia Ruangwa mchana kweupe. Mate yake yalilowesha shati alilonunua kwa Idi, na shati hilo nililipiga pasi mimi. Kila tulipopita watu wamekaa, nilijua wanasema nini. Na niseme lililo moyoni: hata pale, nikimsikia anavyokoroma kutafuta hewa, nilikuwa naona jinsi alivyomkalia mgongoni, jinsi mgongo wa mume wangu ulivyojinyoosha umbebe vizuri, na nilikuwa naona wivu. Mikono yangu ilikuwa imemshika asianguke, na wivu ulikuwa palepale. Sikujua kwamba vinaweza kukaa pamoja.

Hospitalini tulikuta foleni. Nikajiandaa kugombana, lakini haikuhitajika. Muuguzi alimtazama mara moja jinsi alivyoinama na mate yanavyomtoka, akaita wenzake, wakamwingiza ndani amekaa hivyohivyo kwenye kiti. Hakuna aliyemlaza. Nililiona hilo, na kusema kweli nilijisikia mtu mkubwa.

Walimtundikia dripu za dawa, wakampasua chini ya kidevu kutoa usaha, na jino likang'olewa. Siyo kwa mpangilio niliousimulia labda. Sisi tulikuwa nje kwenye benchi. Aliyetoka kuzungumza nasi alikuwa daktari wa meno, mwanamke aliyehamia kutoka mikoa ya Ziwa, anasema Kiswahili kizito cha kwao. Walimpigia simu nyumbani, na alikuja bado amefunga kilemba cha kanisani.

"Huku kila uvimbe ni korosho," akasema, akakaa. Hakutugombeza. Alionekana amechoka na neno hilo kwa muda mrefu.

Mume wangu akamweleza kwamba jino lilikuwa limepona, liliacha kuuma.

"Baba, kunyamaza siyo kupona. Jino lenye tundu likikata maumivu ghafla bila kutibiwa, mara nyingi limekufa ndani. Usaha unabaki unatafuta pa kutokea. Huyu umemshukia chini ya ulimi."

Akatueleza kwa vidole vyake shingoni mwake mwenyewe. Jino likiuma, mtu aje, asingoje lioze. Akivimba shavu na homa, aje siku hiyohiyo. Lakini uvimbe ukishashuka chini ya taya, mdomo ukakataa kufunguka, sauti ikabadilika, mate yakashindwa kumezwa, hapo hata kuoga asioge, apandishwe chochote chenye magurudumu. Angelala nyumbani usiku ule, akasema, na hakumalizia, akanyanyua mabega.

Kisha akauliza nani aliyetambua.

"Huyu," mume wangu akasema. "Mke wangu mkubwa."

Daktari akanitazama. Akamtazama mume wangu, akautazama mlango wa chumba alimo mwenzangu, akaelewa, akanitazama upya. Nilidhani atasema neno la sifa. Akasema, "Una macho makali, mama." Nikamjibu kwamba macho hayo nimeyanoa kwa muda mrefu, na sikumweleza kwa jiwe gani.

Mume wangu alilia pale kwenye benchi. Aliinama, akajifunika uso na kofia yake, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Mwanamume yule nimemwona akimzika mama yake na machozi ameyameza. Nilikaa kando yake nikamwekea mkono mgongoni, kwenye lile shati lililolowa, na ndani yangu nikawa namuuliza: na mimi ungenililia? Sikumuuliza kwa mdomo. Yapo maswali ambayo mke anayajua majibu yake akapenda kuendelea kutoyajua. Nilikuwa nimetoka kumrudishia mtu anayempenda kuliko mimi, na hakuna aliyenilazimisha, na sikuwa na pa kulipeleka jambo hilo.

Usiku ule mama yake, aliyetufuata jioni kwa bodaboda, alilala naye wodini. Mimi nilipata mkeka kwa binamu yangu palepale Ruangwa. Kesho yake jioni tulirudi kumtazama. Alikuwa amekaa juu ya mito, bandeji nene chini ya kidevu, mpira mdogo unatoa uchafu, uso umepungua, anapumua kimya. Kupumua kimya ni jambo ambalo hulisikii mpaka uwe umeusikia ule mwingine. Mume wangu alimsimulia habari za watoto, bibi akamsimulia nani na nani wameleta salamu. Kengele ya wageni ikalia. Muuguzi akatukumbusha kwamba wodi ya wanawake analala mwanamke mmoja tu na mgonjwa, wengine tukapumzike.

Mume wangu akanigusa kiwiko. "Twende zetu Mtua, mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, ile ya zamani. "Mama yake yupo. Na wiki hii ni yako, sijasahau."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu Ijumaa. Mengine humo ndani niliyangoja kwa miaka. Nikaokota mkoba wangu haraka, asije akabadili mawazo, nikamwambia mwenzangu apone upesi.

Akanishika upindo wa khanga niliyojitanda.

"Dada, usiende." Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. "Mama ataniambia itashuka. Huyu ataniletea uji. Wewe ndiye unayenitazama."

Bibi hakuudhika; alianza kukunja khanga zake taratibu. Mume wangu alicheka kidogo, akasema mgonjwa asijali, dada amechoka, dada anataka nyumbani kwake. Ni kweli nilitaka. Nilimwangalia pale mlangoni, ufunguo wa pikipiki kidoleni, ananingoja mimi, mimi peke yangu, na mwenzangu amekamata khanga yangu kwa mkono wenye sindano ya dripu, na sikuwahi kuwachukia wote wawili kwa pamoja kama dakika ile.

Nikaweka mkoba chini. Mume wetu akaondoka peke yake kwenda Mtua, kwenye nyumba isiyo na mke, na mimi nikavuta kiti karibu na taa, nikamwambia mwenzangu afungue mdomo nione.